Mtutu Ukipata Moto: Namna ya Kupima Shabaha Bila Kuimaliza Bunduki

Mwindaji anayefika kambini leo na kutaka kuingia porini kesho alfajiri huwa hana subira ya kupima bunduki. Anapiga risasi tatu, anaona zimekwenda kushoto, anazungusha skrubu ya darubini. Anapiga tatu nyingine, sasa zimepanda juu. Anazungusha tena. Akifika risasi ya kumi na tano mtutu haushikiki, matundu yamezagaa kibao kizima, na lawama zimeshaanza: darubini mbovu, risasi mbovu, aliyeifunga darubini hajui kazi. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Bunduki ilianza kupimwa ikiwa baridi, ikamaliziwa kupimwa ikiwa ya moto, na kila mzunguko wa skrubu ulikuwa unajibu swali la joto lililokwisha kupita.

Mwongozo huu ni wa watu wenye bunduki kihalali: wawindaji wenye leseni na wawindaji bingwa wa Tanzania, askari wa wanyamapori, na walenga shabaha wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 lakini mchezo wa shabaha haukukoma. Nazungumzia bunduki za mtutu wenye mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, hasa zile za kuvuta bolti (komeo la nyuma) kwa mkono, maana ndizo zilizo mikononi mwa wengi wetu. Gobore na shotigani zina mambo yake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mwindaji, risasi ya kupimia bunduki ni ile ya kwanza, inayotoka kwenye mtutu uliopoa. Hiyo ndiyo utakayompigia mnyama. Risasi nyingine zote unazopiga uwanjani ni za kukufundisha tabia ya bunduki yako, na usiziruhusu zikurekebishie darubini.

Joto linaingiaje kwenye chuma

Baruti ikiwaka ndani ya chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, gesi yake hufikia joto la nyuzi 2,500 hadi 3,000 hivi za Selsiasi. Chuma cha mtutu huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kinachokinusuru ni ufupi wa muda: kichwa cha risasi huumaliza mtutu mzima kwa takriban milisekunde moja hadi moja na nusu, gesi inatoka, na joto lililoganda kwenye ngozi ya ndani linaanza kusambaa kuelekea nje. Ndiyo maana ukigusa mtutu mara tu baada ya risasi ya kwanza unaweza kudhani haujapata chochote. Joto bado liko njiani.

Katika nguvu yote inayotoka kwenye baruti, kama theluthi moja tu ndiyo inayokisukuma kichwa cha risasi. Robo hivi inabaki kwenye chuma cha mtutu, na kilichosalia kinatokea mdomoni pamoja na gesi na mlio. Chukua risasi ya .308 (namba za namna hii hutaja upana wa risasi, kwa kawaida kwa inchi) yenye baruti ya gramu 2.9 hivi. Nguvu yake ni karibu kilojuli 11, kwa hiyo mtutu unabakiwa na kama kilojuli 3. Kwa mtutu wa kilo 1.3, hiyo ni nyuzi 4 au 5 kwa kila risasi, kabla hujatoa kinachopotelea hewani. Piga kumi za haraka siku yenye nyuzi 30, utakuwa umekaribia nyuzi 70. Risasi ya .375 H&H ina baruti nyingi zaidi, gramu 4.5 na kuendelea, nayo huchemsha mtutu upesi zaidi.

Kurefuka kwa mtutu peke yake hakuna madhara makubwa. Mtutu wa sentimita 60 ukipanda nyuzi 60 unarefuka kwa milimita 0.4 hivi, na risasi haijali. Tatizo ni kupinda. Mdomo wa mtutu huo ukihama kwa milimita 0.09 tu, yaani unene wa karatasi moja ya kuandikia, pembe inabadilika kiasi cha kuipeleka risasi sentimita 2.9 pembeni kwenye mita 100, na karibu sentimita 6 kwenye mita 200. Walenga shabaha wanaiita hiyo dakika moja ya pembe. Mara karatasi mbili, umepata dakika mbili. Macho hayawezi kuona upindaji wa aina hiyo, lakini kibao kinauona.

Mtutu hupinda kwa sababu tatu kubwa. Ya kwanza ni mkazo uliobaki ndani ya chuma tangu kiwandani, kwa kugongwagongwa, kukamuliwa mifereji au kunyooshwa kwa nguvu ulipotoka umepinda. Chuma kikipata joto, mkazo ule unatafuta pa kulegea. Ya pili ni tundu ambalo halikupita katikati sawasawa, kwa hiyo upande mmoja wa chuma ni mnene kuliko mwingine. Ya tatu ndiyo unayoweza kuitibu mwenyewe: mtutu unaogusa mbao ya kushikia bunduki mahali usipopaswa kugusa.

Hatua ya kwanza: kagua kabla ya kutoka nyumbani

Hakikisha bunduki haina risasi. Toa magazini, fungua bolti, tazama ndani ya chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole. Fanya hivyo kila mara unapotaka kuugusa mtutu, hata kama ni wewe mwenyewe uliyeiweka chini dakika moja iliyopita.

Kaza skrubu zinazoshika chuma kwenye mbao, na zile za vishikizo vya darubini. Kisha chukua noti, ikunje mara moja, ipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele na kuivuta kurudi nyuma kuelekea chemba. Kwa bunduki iliyotengenezwa mtutu usiguse mbao, noti inapaswa kuteleza bila kukwama. Ikikwama, weka alama ya penseli hapo ilipokwama. Mtutu ukipata moto na kutanuka, hapo ndipo utakaposukumwa.

Lakini usikimbilie msasa. Zipo bunduki ambazo mbao yake hugusa mtutu mbele kwa makusudi, na Brno na CZ za zamani za risasi kubwa zina skrubu ya tatu inayoufunga mtutu kwenye mbao. Ukikwangua hapo bila kujua, umeharibu kazi ya mwenye kiwanda. Ikiwa huna hakika, acha kama ilivyo, ipime kwanza uwanjani, kisha mpelekee fundi silaha kibao chenye matundu yaliyoandikwa namba. Kibao hicho kitamweleza mengi kuliko maneno yako.

Mbao halisi pia inakunywa unyevu. Bunduki iliyokaa Tanga au Pangani miezi kadhaa kisha ikapelekwa bara kavu inaweza kubadilisha mkao wake bila mtu kuigusa. Ipime upya ukifika, hata kama ilikuwa sawa pwani.

Hatua ya pili: andaa uwanja

Nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye tuta la udongo la uhakika nyuma ya vibao. Nenda asubuhi. Weka kibao mita 100, na uzipime mita hizo; kukisia kwa hatua kunawapotosha wengi. Tafuta kivuli kwa ajili yako na kwa ajili ya bunduki. Chuma cheusi kilicholala juani mchana wa Oktoba kinaweza kupita nyuzi 50 kabla hujapiga risasi hata moja, na hapo utakuwa umeanza kupima mtutu wa moto huku ukiamini ni wa baridi. Kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko mengine yote: bunduki imelazwa juu ya boneti ya gari, mtu anakunywa chai.

Mfuko wa mchanga uwe chini ya mbao. Usiuweke chini ya mtutu wenyewe, maana utausukuma juu na kuivuruga kila risasi.

Beba daftari, kalamu, na kama unaweza, kile kipimajoto cha bastola kinachosoma joto kwa mwanga, kilichozagaa madukani tangu wakati wa korona. Chukua kinachofika angalau nyuzi 100. Kile cha kupima homa ya watu hakifai. Kina udhaifu wake: kikielekezwa kwenye chuma kinachong'aa kinasoma joto dogo kuliko lililopo. Dawa yake ni kubandika kipande kidogo cha utepe mweusi wa umeme kwenye mtutu, sentimita 10 hivi mbele ya chemba, na kupima juu ya utepe huo kila mara. Hapo ndipo mahali penye joto kali zaidi upande wa nje. Usipokuwa na kipimajoto, mkono unatosha. Fungua bolti, hakikisha chemba ni tupu, kisha weka vidole mahali pale pale. Ukiweza kuvituliza bila shida, mtutu uko chini ya nyuzi 45 hivi. Ukilazimika kuvitoa baada ya sekunde chache, umepita 55, na kazi ya kupima imekwisha kwa sasa.

Hatua ya tatu: risasi ya mtutu baridi

Futa mafuta ndani ya mtutu kwa kitambaa kikavu hadi kitoke safi. Bunduki nyingi huipeleka pembeni risasi ya kwanza baada ya kusafishwa, kwa sababu ya mafuta na kwa sababu chuma hakijapakwa masizi. Kwa hiyo piga risasi moja au mbili za kuuchafua mtutu, usizihesabu, na uuache upoe kabisa. Katika bara kavu mimi napendelea kuiingiza bunduki msituni ikiwa na masizi hayo hayo, bila kuisafisha ndani hadi safari iishe. Pwani au wakati wa mvua siwezi kushauri hivyo; huko kutu haisubiri.

Sasa piga risasi moja. Andika namba 1 kando ya tundu, au kama hutaki kwenda mbele kila mara, chora kibao kidogo kwenye daftari na kuweka alama kwa kutazama kwa darubini ya pembeni. Andika saa, joto la hewa na joto la mtutu. Fungua bolti, iweke bunduki kivulini, subiri. Usiguse darubini.

Mtutu ukirudi kwenye joto la hewa, au karibu yake kwa tofauti ya nyuzi 5, piga ya pili. Subiri tena. Piga ya tatu. Kwa mtutu mwembamba wa kuwindia, kila kungoja kunaweza kuchukua dakika 10 au 15, na kwa mtutu mnene hata zaidi, kwa sababu chuma kingi hupata moto polepole na kupoa polepole vilevile. Ni kazi ya asubuhi nzima. Ukiwa na muda, igawe kwa asubuhi tatu, risasi moja kila siku ukiamka. Hakuna kipimo kinachofanana na pori kuliko hicho.

Kundi la hizo tatu ndilo la kurekebishia. Tafuta katikati yake, pima umbali hadi unapotaka risasi ipige, kisha zungusha. Darubini nyingi za Kimarekani husogeza robo dakika kwa kliki moja, ambayo kwenye mita 100 ni milimita 7 na kidogo. Nyingi za Ulaya husogeza sentimita 1 kwa kliki. Kundi likiwa sentimita 6 kushoto, darubini ya robo dakika inahitaji kliki 8 kwenda kulia, na ya Ulaya kliki 6. Zungusha mara moja, acha mtutu upoe, hakikisha kwa risasi moja au mbili za baridi. Imetosha.

Kungoja huku kunamponya mpigaji pia. Ukipiga .375 au .416 mfululizo ukiwa umeketi mezani, bega linaanza kuogopa kabla mtutu haujachemka. Kidole kinavuta ghafla, jicho linafumba, na risasi inashuka. Mtu anayelaumu joto mara nyingine angepaswa kulitazama bega lake.

Hatua ya nne: jifunze tabia yake ikiwa ya moto

Bunduki ikishakaa sawa kwa baridi, siku nyingine tenga risasi chache za kuijua ikichemka. Hili lina maana kwa anayewinda nyati, maana risasi ya pili na ya tatu hufuatana haraka, na lina maana zaidi kwa mlenga shabaha. Tumia kibao kipya. Anza na mtutu baridi, piga moja kila nusu dakika: tano kwa mtutu mwembamba, hadi kumi kwa mtutu mnene. Kila tundu lipate namba yake. Bila namba, zoezi zima ni kupoteza baruti.

Kisha soma. Matundu yakifuatana kuelekea upande mmoja kwa mpangilio wa namba, 1, 2, 3, mpaka la mwisho, una mtutu unaopinda kwa joto. Uache upoe, piga moja zaidi: ikirudi lilipokaa tundu namba 1, umethibitisha. Angalia tena mahali noti ilipokwama. Ikiwa haikukwama popote, basi mkazo uko ndani ya chuma, na bunduki hiyo ni nzuri kwa risasi mbili tatu za kwanza tu. Mwindaji anaweza kuishi nayo miaka mingi, mlenga shabaha hawezi.

Matundu yakipanda wima, mshuku mbele ya mbao kwanza, halafu mawimbi ya hewa moto mbele ya darubini, ambayo nitaieleza hapa chini. Yakitawanyika pande zote bila mpangilio wa namba, joto huenda halina kosa. Rudi kwenye skrubu, kwenye darubini, na kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu: jeraha dogo hapo, la fimbo ya kusafishia au la kugonga mlango wa gari, huiyumbisha risasi wakati inapoaga chuma.

Kuhusu hewa moto: mtutu ukifika nyuzi 50 au 60 unaanza kutoa mawimbi ya hewa yanayopanda mbele ya kioo. Kibao kinacheza, doa linaonekana kama limepanda kuliko lilipo, na wewe unalifuata kwa uaminifu kabisa. Upepo mdogo ukivuma unayafagia na picha inatulia, ukikoma yanarudi. Walenga shabaha hutandaza ukanda wa kitambaa au plastiki juu ya mtutu, kutoka kwenye darubini hadi mdomoni, ili hewa ipandie pembeni. Kipande cha kadibodi kinafanya kazi ile ile. Porini uondoe, unazuia mtutu kupoa na unapiga kelele kwenye vichaka.

Hatua ya tano: kupoza

Bolti wazi, chemba tupu, bunduki imesimama kivulini mdomo ukiwa juu mahali salama, ili hewa iingie kwa chini kupitia chemba na kupanda ndani ya tundu. Ukiwa na feni ndogo ya betri, ielekeze kwenye chemba. Hakuna zaidi ya hapo kinachohitajika. Kuilaza kifudifudi kwenye mfuko wake wa ngozi au wa turubai, kama wengi wanavyofanya wakimaliza, kunafungia joto humo humo na kualika jasho la chuma.

Watu huuliza kuhusu maji. Kumwagia maji mtutu wa nyuzi 70 hakuupasui wala hakubadilishi ugumu wa chuma. Joto hilo ni dogo mno kwa hayo. Ubaya ni kwamba maji yanaingia chini ya mbao na kwenye mashine ya kifyatulio, mahali usipopaona, na kutu inafuata. Maji yakibaki ndani ya tundu, risasi inayofuata inakutana na kizuizi, na hiyo ni hatari kweli kweli. Kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kikipitishwa nje ya mtutu pande zote sawasawa kisha ukakausha, hakina neno. Bombomu za zamani, Maxim ya mwaka 1884 na baadaye Vickers, zilivalishwa koti la maji la lita 4 hivi kuuzunguka mtutu, na baada ya mamia ya risasi mfululizo maji yale yalichemka na mvuke kupelekwa kwa bomba kwenye kopo. Zilitengenezewa hivyo tangu mwanzo. Bunduki yako haikutengenezewa.

Usiiache risasi ndani ya chemba ya moto

Hili ni fupi lakini lina uzito. Risasi iliyokaa kwenye chemba ya moto inaivishwa. Baruti yake ikipanda joto, inaungua kwa kasi zaidi: mgandamizo unaongezeka, mwendo unaongezeka, na risasi inapanda kibaoni. Kwa baruti zinazoathirika sana na joto, mwendo unaongezeka kwa karibu nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Ingiza risasi pale tu ulipo tayari kupiga. Ukikatizwa na mazungumzo, itoe. Sanduku la risasi nalo likae kivulini, lisikae kwenye dashibodi ya Land Cruiser.

Watengenezaji wa Uingereza walilijua hili zaidi ya karne moja iliyopita. Walikuwa wakitumia kodaiti, baruti iliyochangamka mno kwenye nchi za joto, na ganda la risasi lilikuwa likinasa kwenye chemba wakati mnyama amekaribia. Kampuni ya John Rigby walipoitoa .416 Rigby mwaka 1911 waliipa ganda kubwa kuliko ilivyolazimu, ili mgandamizo ubaki mdogo hata jua likiwaka. Ndiyo maana hadi leo bolti ya bunduki hiyo inafunguka kwa ulaini katikati ya Septemba.

Maisha ya mtutu huisha kooni

Sehemu ya kwanza ya mifereji, pale mbele tu ya chemba, inaitwa koo. Hapo gesi ina joto kali kuliko mahali popote na mgandamizo wa juu kabisa, na chembe za baruti ambazo hazijaungua zinapita zikikwangua. Ngozi ya ndani inapata moto, inakuwa ngumu na yenye kuvunjika kirahisi, inapoa, inapata moto tena. Baada ya muda inafanya nyufa ndogo ndogo, zikifanana na matope ya bwawa lililokauka kiangazi. Gesi inaingia kwenye nyufa, inang'oa vipande, na koo linasogea mbele. Kichwa cha risasi sasa kinaruka nafasi ndefu kabla ya kushika mifereji, na kinaingia kikiwa kimeinama.

Historia ina mfano mzuri. Uingereza ilipoanza kutumia bunduki ya Lee-Metford mwaka 1888, mifereji yake ilikuwa ya kina kifupi na ya mviringo, na ilielewana na baruti nyeusi. Ilipokuja kodaiti ya kwanza, yenye asilimia 58 ya nitrogliserini, moto wake uliila ile mifereji upesi mno. Mwaka 1895 ikabidi waanzishe mifereji mipya mitano ya kina zaidi iliyotoka kiwanda cha silaha cha Enfield, na hapo ndipo jina Lee-Enfield lilipozaliwa, bunduki ya 303 ambayo vizazi vya askari na mabwana nyama wa Afrika Mashariki waliibeba. Baruti yenyewe nayo ilipozwa: kodaiti ya baadaye ilipunguziwa nitrogliserini hadi asilimia 30.

Kanuni haijabadilika. Baruti nyingi ikipita kwenye tundu dogo, koo linakufa mapema. Bunduki ya .22 LR ina baruti kiduchu, na mtutu wake hupiga makumi ya maelfu. Mtutu wa .308, ukitunzwa, hukadiriwa kudumisha shabaha nzuri kwa risasi 5,000 hivi. Wa 6.5 Creedmoor ni kati ya 2,000 na 3,000. Wa .243, baruti ile ile ya kiasi cha .308 ikisukumwa kwenye tundu jembamba, huweza kuchoka ukiwa na 1,500 hadi 2,500, na .264 Winchester Magnum hata karibu na 1,000. Hizi ni hesabu za wanaopiga kwa utaratibu. Mtu anayemwaga risasi ishirini bila kupumzika anazikata kwa kiasi kikubwa, kwa sababu chuma kilichokwisha kuwa cha moto kinaanza kila risasi kikiwa karibu zaidi na kiwango cha kuumia, na hakipati nafasi ya kulisukuma joto nje.

Chuma cha pua huvumilia kidogo zaidi kooni kuliko chuma cha kawaida cha kromiumu na molibdenamu. Mitutu ya kijeshi iliyopakwa kromu ndani hudumu sana, ingawa tabaka hilo likibanduka hakuna dawa. Mwenye .375 au 9.3×62 anayewinda misimu michache na kupiga risasi chache kwa mwaka hana haja ya kupoteza usingizi: tundu ni pana, risasi ni chache, mtutu huo utamfaa na mwanawe.

Kwa anayepiga nyingi, daftari ndilo linalookoa. Andika kila risasi inayopita. Kila baada ya risasi mia chache, tazama koo kwa ile kamera nyembamba ya waya inayochomekwa kwenye simu, na weka picha. Nyufa peke yake zisikutishe. Mitutu mingi yenye nyufa bado inapiga vizuri. Dalili za kweli ziko kibaoni: kundi la baridi linapanuka bila sababu nyingine, risasi moja moja zinaruka nje kwenye mita 300 hali ya kuwa kwenye mita 100 mambo yanaonekana sawa, na mwendo wa risasi unashuka kwa shehena ile ile ya baruti.

Kabla ya kuhukumu, safisha. Masizi magumu na shaba iliyoganda kooni huiga dalili za mtutu uliochoka, na huganda zaidi kwa wanaopiga mtutu ukiwa wa moto. Mtutu wenye uvuguvugu husafishika vizuri kuliko wa baridi, lakini usiingize dawa ukiwa bado unaunguza: inakauka kabla ya kufanya kazi na mvuke wake unaumiza. Pitisha brashi na dawa kutokea upande wa chemba, ukitumia kiongozi cha fimbo, acha dakika kadhaa, futa mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya buluu ya shaba. Kausha, kisha paka mafuta kidogo.

Ukisafisha na dalili zikabaki, fundi silaha mwenye mashine anaweza kuukata mtutu kwa nyuma na kuchonga chemba upya, ikiwa una urefu wa kutosha na chuma kilicho mbele ya koo ni kizima. Kwa mtutu mwembamba wa kuwindia mara nyingi haifai gharama yake. Kubadilisha mtutu mzima kwetu ni jambo la kibali, kuagiza kutoka nje na kusubiri, kwa hiyo anza taratibu hizo msimu unapofungwa, usingoje unapofunguliwa.